Kifusi cha Bibi

Nyuma ya nyumba ya bibi yangu, Kibaha, kuna kilima ambacho hakikuumbwa na Mungu. Kimeota majani, kuku wanataga humo, na mwaka juzi mpapai ulijiotea upande wake wa mashariki ukazaa vizuri tu. Ukichimba kidogo kwa kijiti unakutana na kipande cha lipu chenye rangi ya samawati. Hiyo ilikuwa rangi ya sebule yetu.

Kilima hicho ni nyumba. Ilibomolewa mwaka 2017 kupisha upanuzi wa barabara, baada ya kukaa na alama nyekundu ya X ukutani kwa muda mrefu kiasi kwamba sisi watoto tulishaacha kuiona. Habari za fidia sitaki kuzieleza hapa. Kila familia iliyowahi kuchorewa X ina hadithi yake, na hadithi zenyewe zinafanana. Ninachotaka kueleza ni alichofanya bibi baada ya tingatinga kuondoka. Vijana walikuwa wameshafika na nyundo zao, wanapasua nguzo na linta watoe nondo wakauze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Majirani waliokoa mabati, milango na fremu za madirisha. Bibi aliwaachia vijana nondo, akasema wachukue, wana njaa. Kisha akakodi lori la mchanga, safari nne, akahamisha kifusi.

Baba mdogo alidhani mama yake amechanganyikiwa kwa msiba wa nyumba. "Mama, watu wanalipa ili waondolewe kifusi, wewe unalipa ili ukifuate?"

"Hiyo saruji ya mume wangu," bibi alimjibu, akapanda mbele ya lori.

Babu alikuwa mwashi. Alizaliwa Kilwa Kivinje, akaja Dar es Salaam miaka ya 1970 kutafuta kazi za ujenzi, na nyumba ile aliijenga kwa miaka kumi na moja, mfuko mmoja wa saruji kila alipojaliwa kuupata. Alifariki mwaka 2009. Hakuacha picha nyingi. Aliacha mwiko mmoja wenye mpini uliofungwa mpira wa baiskeli, timazi, na nyumba. Kwa hiyo bibi alipokwenda Kibaha na lori zile nne, nadhani hesabu yake ilikuwa rahisi kuliko tulivyoiona sisi.

Mimi ninasoma shahada ya uzamili ya historia. Mwaka 2024 nilikuwa natapatapa na mada ya tasnifu. Nilitaka kuandika kuhusu vifaa vya ujenzi vya pwani, na mhadhiri wangu alikuwa ananiuliza kila tukikutana, "Lakini swali lako ni lipi?" Mwezi Mei mwaka huo jarida la Nature lilichapisha makala ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, wakiongozwa na Cyrille Dunant na wenzake kina Julian Allwood. Walidai kwamba saruji iliyokwisha kutumika, ile ya majengo yaliyobomolewa, inaweza kurudishwa kuwa saruji mpya. Nilisoma usiku, nikasoma tena asubuhi, kisha nikapiga simu Kibaha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekula?"

"Nimekula. Bibi, kile kifusi chako. Kuna watu Uingereza wamegundua kwamba saruji kuukuu inaweza kuwa saruji tena."

Akanyamaza kidogo. "Kwani wewe ulidhani nimekiweka cha nini?"

*

Ili kuelewa kwa nini makala ile ilinikosesha usingizi, lazima turudi kwenye jiwe.

Pwani yetu imekaa juu ya matumbawe. Wazee wa Kilwa, Lamu na Unguja waliyatumia kwa namna tatu. Tumbawe bichi, lililokatwa baharini likiwa laini, lilichongwa miimo ya milango na mihrabu. Jiwe gumu la matumbawe ya kale lilijenga kuta. Na jiwe hilohilo, likichomwa, lilikuwa chokaa ya kushikamanishia kuta zenyewe. Babu alinieleza nikiwa mdogo jinsi tanuri la chokaa lilivyopangwa Kivinje: magogo yanalazwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, mawe yanawekwa juu, moto unawashwa kutoka katikati. Tanuri lenyewe lilikuwa ni hizo kuni. Likiisha kuwaka hubaki chungu cheupe, nacho huachwa kinyeshewe na mvua na umande kwa miezi kabla ya kutumiwa. Alisema harufu yake ilikuwa kama ya bahari iliyoungua. Sikumwelewa. Sasa ninajua kwamba alikuwa anasema kweli kuliko alivyodhani.

Jiwe la chokaa, kwa uzito wake, karibu nusu ni hewa. Ukichoma kilo 100 za jiwe safi, kilo 44 zinaondoka kama hewa ukaa, na kinachobaki ndiyo chokaa. Ni hewa ambayo wadudu wadogo wa baharini waliifunga ndani ya nyumba zao miaka maelfu iliyopita. Moto unaifungulia. Ajabu ya chokaa ni kwamba inajutia. Ikishapakwa ukutani, inaanza polepole kuivuta hewa ileile kutoka angani na kurudi kuwa jiwe. Ukuta wa chokaa wa miaka mia tano ni jiwe lililokwenda safari na kurudi, na kwa sababu hiyo unaweza kuupondaponda na kuuchoma upya ukapata chokaa tena.

Mwaka jana nilikwenda Kilwa Kisiwani kuliona jambo hilo kwa macho yangu. Kutoka Kilwa Masoko unapanda mashua, na mara tu unapokaribia unaona Gereza limesimama ufukweni kana kwamba limejengwa kwa siku moja. Ukweli ni tofauti. Wareno walijenga ngome yao hapo mwaka 1505 na kuiacha miaka michache baadaye. Jengo tunaloliona leo ni la Waomani, la karibu mwaka 1800, na ndani yake kumebaki sehemu ya kuta za Wareno. Kifusi cha adui kilitosha kuwa msingi. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama zilezile ambazo Ibn Battuta alipita Kilwa mwaka 1331. Pale kuna bwawa la pembe nane, na nilikaa ukingoni nikaikwaruza sakafu kwa ukucha. Chokaa ile haikutoka hata chembe.

Sitaki kuipamba chokaa. Kila tanuri lilikula kuni nyingi, na Kivinje ya karne ya 19 ilikuwa bandari kubwa ya kuuza watu. Sidhani kama waliobeba yale magogo na yale mawe wote walilipwa. Babu mwenyewe hakupenda watu waliosifu majumba ya mawe bila kuuliza nani aliyabeba. Ila kama jambo la kemia, chokaa ilikuwa na njia ya kurudi.

*

Saruji haina njia hiyo, au ina njia ya mwendo wa konokono.

Tarehe 21 Oktoba 1824, fundi mmoja wa Leeds, Uingereza, Joseph Aspdin, alipewa hataza ya kitu alichokiita saruji ya Portland, kwa sababu ikikauka ilifanana na jiwe maarufu la ujenzi la Portland. Alichanganya chokaa na udongo wa mfinyanzi, akachoma. Waliomfuata, akiwemo mwanawe William na mshindani wao Isaac Johnson, waliongeza moto hadi mchanganyiko ukaanza kuyeyuka na kuganda vinundu vigumu. Vinundu hivyo ni klinka. Kuipata kunahitaji moto wa nyuzi joto 1,450 hivi, na klinka ikisagwa pamoja na jasi kidogo ndiyo saruji ya mfukoni. Haiigandi kwa kuvuta hewa kama chokaa; inaganda kwa kunywa maji. Ndiyo maana ina haraka, ndiyo maana ina nguvu, na ndiyo maana dunia nzima iliikimbilia.

Leo dunia inatengeneza tani bilioni 4 hivi kwa mwaka. Katika hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu, saruji ina sehemu ya kati ya asilimia 7 na 8. Na hapa ndipo watu wengi wanapokosea, mimi nikiwemo kabla ya kusoma: tunadhani tatizo ni makaa ya mawe yanayowaka chini ya tanuri. Makaa ni sehemu tu. Kiasi cha asilimia 60 ya hewa hiyo inatoka ndani ya jiwe lenyewe. Hata ukichoma kwa jua tupu, jiwe litaachia pumzi yake.

Zege linalipa deni hilo kidogokidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba saruji yote ya dunia, kati ya mwaka 1930 na 2013, ilivuta tena asilimia 43 ya hewa iliyotoka kwenye jiwe wakati wa kuichoma. Na zege likivunjwavunjwa huvuta haraka zaidi, kwa kuwa uso wake unaongezeka. Nilipomwambia bibi kwamba kilima chake kinavuta hewa chafu usiku na mchana, alisema basi kinafanya kazi kuliko baba yangu mdogo.

Kwetu, saruji ilianza kutengenezwa nyumbani mwaka 1966, kiwanda cha Wazo kilipofunguliwa kaskazini mwa Dar es Salaam. Mombasa walitutangulia, Bamburi ilianza kuzalisha mwaka 1954. Ukivitazama viwanda hivi viwili kwa jicho la mtu wa Kilwa, unacheka peke yako, maana vyote viwili vimekaa juu ya matumbawe ya kale na kazi yake ni kuyachoma. Ni tanuri la Kivinje lililokuzwa. Babu alipofika mjini hakubadilisha malighafi. Alibadilisha moto.

*

Nilitegemea kwamba sura ya pili ya tasnifu itakuwa fupi, sura ya maneno tu: asili ya chokaa, asili ya saruji, tuendelee. Neno saruji likanikalisha mezani wiki tatu.

Tumelipokea kutoka Kiarabu, nao Waarabu wanashirikiana neno hilo na Waajemi. Sikujua lilikuwa na maana gani kabla Aspdin hajazaliwa. Oman, saruji ni udongo. Mafundi wa kule huchimba udongo wa mfinyanzi, wakaukausha, wakauchoma kwa kuni za mitende, wakauponda ukawa unga, na unga ule ukichanganywa na chokaa na maji ulitengeneza lipu isiyopitisha maji. Ndiyo iliyopakwa kwenye mifereji ya aflaji na kwenye matangi. Uajemi walikuwa na saruji yao ya chokaa na udongo, waliyoitia jivu na hata manyoya ya mbuzi. Wahindi wana surkhi, unga wa matofali ya kuchoma yaliyopondwa. Waturuki wana horasani yao, ya matofali na vigae. Na Warumi walikuwa nayo: Vitruvius, aliyeandika karne ya kwanza kabla ya Kristo, anashauri kwamba ukitumia mchanga wa mto au wa bahari, uongeze theluthi moja ya vigae vilivyopondwa na kuchekechwa, chokaa yako itakuwa bora.

Maana yake ni hii. Udongo uliochomwa, ukasagwa, hauwezi kuganda peke yake, lakini ukikutana na chokaa na maji unaamka na kuganda kama jiwe, hata chini ya maji. Vyungu vilivyovunjika na matofali ya nyumba zilizoanguka vilikuwa malighafi. Neno tunalotumia kila siku dukani, "nipe mifuko miwili ya saruji", lilikuwa jina la kitu kilichoweza kutengenezwa kwa kifusi.

Nilimpelekea mhadhiri wangu ukurasa huo. Akaandika pembeni: "Swali lako ndilo hili." Ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa.

Na mambo yamerudi yalikotoka kwa mlango wa maabara. Lausanne, Uswisi, Karen Scrivener na wenzake wa Cuba na India wametengeneza saruji ambayo nusu ya klinka imetolewa, mahali pake pakawekwa udongo uliochomwa na jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa. Udongo unatosheka na moto wa nyuzi 700 hadi 850. Hewa ukaa inapungua hadi asilimia 40. Wameipa jina la herufi na tarakimu, LC3. Fundi wa Nizwa wa zamani angeijua kwa harufu.

*

Sasa nieleze aibu yangu.

Likizo ya mwezi wa nane nilikwenda Kibaha na mdogo wangu wa kiume, mtoto wa baba mdogo, tukiwa na nyundo, chekeche, na kichwa kimejaa Cambridge. Nilikuwa nimesoma makala kwa pupa, kama mtu anayesoma barua ya mchumba, nikashika neno moja tu: saruji kuukuu ni saruji. Tulitoboa kilima cha bibi, tukachagua vipande vya lipu na matofali, tukaviponda, tukachekecha hadi tukapata ndoo mbili za unga wa kijivu mzuri kabisa. Ukiutia kwenye mfuko usingeutofautisha na wa dukani. Nikachanganya na mchanga na maji, tukafyatua matofali sita, tukayafunika magunia na kuyamwagilia asubuhi na jioni.

Bibi alikuwa akipita anaangalia bila kusema. Siku ya nane alileta kiti, akakaa. Nikainua tofali la kwanza likakatikia mikononi mwangu kama kitumbua cha jana. La pili vilevile. Mdogo wangu alicheka, kisha akaona sura ya bibi akaacha.

Hakusema kitu. Aliinuka, akarudi ndani na kiti chake. Ndiyo maana nilirudi kwenye makala na kuisoma kama mwanafunzi anavyopaswa kusoma.

Saruji iliyoganda imeshakunywa maji na kujifunga nayo. Ukiisaga unapata unga wa kitu kilichokwisha kufanya kazi yake. Ili iwe klinka tena lazima ichomwe upya kwenye moto uleule mkubwa, na hapo unaweza kuuliza faida iko wapi. Ujanja wa Dunant na wenzake ni kuutumia moto ambao tayari unawaka kwa kazi nyingine. Chuma chakavu huyeyushwa kwenye matanuri ya umeme, na katika kuyeyusha huwekwa chokaa, ambayo huelea juu ya chuma kama utando wa maziwa, ikikikinga na hewa na kunyonya uchafu wake. Mwishoni utando huo hukwanguliwa. Waswahili wana jina lake la siku nyingi kutoka kwa wahunzi: mavi ya chuma. Watafiti wa Cambridge waliona kwamba saruji kuukuu inakaribiana mno na ile chokaa kwa viungo vyake. Wakaiweka mahali pa chokaa. Chuma kikatoka salama, na mavi yake, yakipozwa haraka na kusagwa, yakawa klinka. Jiwe jipya halikuchomwa, kwa hiyo hakuna pumzi iliyoachiwa. Na kama umeme wenyewe ni safi, saruji hiyo haina deni, au inakaribia kutokuwa nalo.

Si muujiza. Lazima kwanza utenganishe saruji na mchanga na kokoto zilizong'ang'aniana nayo, kazi ngumu, kwa sababu mchanga mwingi unaharibu viungo. Na kiasi cha saruji utakachopata kinategemea kiasi cha chuma chakavu kinachoyeyushwa, na dunia inatumia saruji nyingi kuliko chuma. Lakini nilipofika hapo nilikumbuka wale vijana wa 2017. Nondo za nyumba yetu ziliuzwa kwa kilo, zikaenda kwenye tanuri, zikawa nondo za nyumba ya mtu mwingine. Saruji iliyozikumbatia kwa miaka thelathini ikaachwa kando ya barabara. Ndani ya tanuri la Cambridge vyote viwili vinaingia mlango mmoja.

Nilimweleza bibi hivyo jioni, tukichambua mchele. Alitikisa kichwa. "Kwa hiyo nilikosea kuwaachia nondo."

"Hapana, bibi."

"Nilikosea. Ningewaambia wachukue na babu yako pamoja."

*

Miji mingine imekuwa na vilima vikubwa kuliko chetu. Berlin, baada ya vita mwaka 1945, wanawake walipanga mistari wakipokezana matofali, wakiyagonga chokaa ya zamani itoke ili yatumike tena. Yaliyovunjika yalisagwa kuwa kokoto za zege jipya. Yaliyobaki yakawa milima, na mmoja, Teufelsberg, una kimo cha mita 120 juu ya usawa wa bahari na watu huuchezea tiara. Nilimwonyesha bibi picha za wanawake wale. Aliangalia viatu vyao kwa muda mrefu.

Lakini Kibaha hakuna tanuri la kuyeyushia chuma, na bibi alitaka baraza. Baba mdogo alileta fundi, mtu mzima, mpole, aliyefanya kazi Kilwa kwenye ukarabati wa magofu na ambaye, nilipomtajia chokaa, alikaa chini. Alinieleza kwamba kule hawakuruhusiwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na inafungia maji ndani ya ukuta, ukuta unaoza kutoka tumboni. Walichoma chokaa kama zamani. Magofu ya Kilwa yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004 na kutolewa 2014, na fundi huyu aliniambia kwa fahari isiyojificha kwamba miongoni mwa kuta zile kuna mita zake.

"Mama," alimwambia bibi, "kifusi hiki ni kizuri. Ila kwenye nguzo sikiweki."

"Kwa nini fundi?"

"Sijui mzee alitumia mchanga gani. Kama ni wa baharini una chumvi, na chumvi inakula nondo. Tena kokoto ya zege kuukuu inakunywa maji mengi, inanidanganya kipimo. Kwenye jamvi, chini, nitakishindilia chote. Hapo hakuna zege bora kuliko hilo."

Bibi alitaka kubishana. Nilimjua kwa jinsi alivyokunja upande wa kanga. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea, kama jamvi lina uzito wowote katika nyumba, au ni la kufichwa tu.

"Mama, jamvi likitetereka, hicho kilichoko juu kinakaaje?"

Akaiachia kanga.

Kabla hawajaanza niliomba nafasi ya kujaribu tena, safari hii bila kelele. Nilichukua vigae vya mtungi wa bibi uliovunjika na mkungu wa kufunikia, nikavitwanga kwenye kinu kibovu hadi vikawa unga mwekundu, nikachekecha kwa kitambaa. Nikachanganya na chokaa ya mfuko, ile ya kupaka kuta nyeupe, na mchanga, nikajaza kopo la maziwa. Nililifunga kwenye gunia bichi na kulisahau chini ya mwembe mwezi mzima na siku kadhaa. Nilipolifungua na kulitumbukiza kwenye ndoo ya maji, halikumeguka. Lilikaa chini ya maji usiku kucha na asubuhi lilikuwa bado ni kipande kimoja cha kopo, chekundu. Si kigumu kama saruji ya dukani. Ukikipiga kwa nyundo kinapasuka. Lakini fundi alikigonga kwa ukucha, akakiweka mfukoni, na mpaka leo hajakirudisha.

Jamvi la baraza lilimwagwa siku ya Jumamosi. Kilima kilipungua nusu. Vijana walikuwa wanabeba kifusi kwa karai na toroli, fundi anakishindilia, na mara kwa mara mtu alipaza sauti: hiki cha jikoni, hiki cha samawati. Kilipotokea kipande chenye mkono mmoja wa X, rangi imepauka lakini inasomeka, kazi ilisimama. Fundi alikishika akamtazama bibi, akamuuliza kielekee wapi.

"Kilalie kifudifudi," bibi alisema.

Akakilaza, akamwaga juu yake. Walipomaliza alisawazisha kwa ubao, akasema sakafu imwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku saba, isikauke kwa pupa. Bibi hakumruhusu mtu mwingine ashike ndoo. Nilirudi chuoni siku ya tano, nikaandika sura ya tatu. Siku ya kumi nilimpigia simu, nikasikia maji yanamwagika.

"Bibi, fundi alisema siku saba."

"Najua," akasema, na maji yakaendelea.